Kalamu niliyomkopesha

Jumatatu nilipeleka chai na maandazi kwenye mkutano wa karakana moja ya mgodi hapa Kolwezi, nikakawia makusudi kukusanya vikombe, maana mi napenda kusikia. Walikuwepo mafundi sita na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuandika karatasi za kufundisha watu namna ya kutumia mashine.

Shefu, mkubwa wao, akamwambia dada, "We mama, andika ripoti ya mukutano."

"Tata shefu, leo nilikuja kuuliza. Robine gani ya bomba za asidi inafungwa ya kwanza? Karatasi inabandikwa kesho, batu basiungue."

"Utauliza kisha. Si we ndiye unajua kuandika?"

Dada hakuwa na kalamu. Mi na kiherehere changu nikachomoa yangu kwenye kitambaa cha kichwa. "Andika, mwanangu! Mwandiko muzuri unaleta bwana!" Wanaume wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Akaandika saa nzima, kichwa chini. Kila alipoinua mkono, fundi mwingine alianza kusema, naye akarudi kumwandika. Mwisho wote wakatoka mbio kwenda mgodini, swali likabaki naye.

Akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. "Aksanti, mama." Nikaomba anisomee ile ripoti. Kila mtu alikuwemo, hata mi: "Mama ameleta maandazi." Yeye tu hakuwemo.

Wiki nzima nimemsengenya shefu yule sokoni. Lakini kila nikifika pale kwenye kalamu yangu, naparuka.