Mlango wa Gunia

Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo walimu wangu ni vitu nilivyovifungua: redio, kufuli, injini za pikipiki. Miji nimepita mingi na sikukaa. Pale Ndosho nilikaa miezi mitano, kwa sababu nilichungulia dirisha la nyumba ya mbao nikaona vyerehani vya zamani zaidi ya ishirini, vyeusi, vinang'aa. Nikaingia kuuliza.

Mwenyewe alikuwa mama mshonaji mzaliwa wa Butembo. Alikuwa ameshona sare za shule nusu ya maisha yake, kisha akaanza kukusanya mashine zilizotupwa na watu na viwanda, akaita chumba hicho makumbusho. Mimi nilizisafisha, yeye alinipa chakula na kona ya kulala. Sheria yake ilikuwa moja: mashine isiyoshona haikai.

"Hapa si makaburi," aliwaambia wageni.

Jumatano moja nilimletea mashine ya kijivu, shingo nene kama ya fahali, kutoka kiwanda cha kahawa kilichofungwa zamani. Niliichukua Munigi, nikaileta kwa chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini. Mama aliinama, akapapasa chini ya bamba la sindano.

"Kanete yake iko wapi?"

Kanete ni kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Nikatafuta. Hakukuwa na kanete, wala mahali pa kuiweka.

"Basi hii ilisha kufa. Uzi wa juu bila uzi wa chini ni bwana bila bibi. Siku ya posho papa wa vyuma anapita, ataibeba."

"Mama, nimeisukuma toka Munigi!"

"Toka Munigi ni muteremuko. Ni yenyewe njo ilikusukuma."

Siku ya posho ni Jumamosi, na papa wa vyuma ni mzee anayekusanya vyuma chakavu. Nilikuwa na siku mbili za kuiokoa isiende kuyeyushwa, na nilijua kwamba chuma kizuri namna ile hakikutengenezwa kwa mzaha. Mafundi wawili niliowauliza walijibu sawasawa: kanete imepotea. Sikuwaamini. Kitu kikipotea, huacha nafasi yake.

Ijumaa nilikwenda sokoni Majengo kununua unga. Mteja aliyekuwa mbele yangu alitaka gunia zima, akatoa kisu kulifungua aone ndani. Muuzaji akampiga mkono.

"Papa, acha kisu! Mufuko iko na mulango. Kama haujue mulango, utapasua ukuta."

Akaligeuza gunia, akashika mkia wa uzi upande mmoja, akakata kifundo, akavuta. Mshono wote ukatoka kwa pumzi moja, trrrr, gunia likabaki wazi. Nikamwomba ule uzi.

"Uzi tu?" Akacheka. "Huyu anaangalia uzi kama mutu aliyeona Bikira."

Ulikuwa uzi mmoja. Hakuna wa chini. Na kahawa nayo hutoka kiwandani kwa magunia. Nikarudi Ndosho mbio, unga nikausahau, lakini giza lilinitangulia.

Jumamosi asubuhi nililala chali chini ya mashine. Pale nilipodhani pana kipande kilichopinda, palikuwa na ndoano ndogo iliyofunikwa na grisi ya zamani na vumbi la magunia. Ndoano ile ndiyo iliyoshika uzi wa juu na kuupitisha ndani ya kitanzi cha uzi uleule. Nikaisafisha, nikaweka uzi, nikashona mdomo wa gunia. Mama alipiga makofi. Kisha akagusa mkia wa uzi, akavuta kidogo, na mshono wote ukamwagikia mapajani mwake.

Akanitazama.

"Inashona ao inatuchekelea? Miaka yote niko nashona, hakuna mutu suruali yake ilifunguka hivi."

Papa wa vyuma alikuwa ameshafika mlangoni na kamba begani. "Mama, nipakie?"

"Ngoja, papa," nilisema. Nikashona tena. "Mama, suruali inashonwa ikae imefungwa. Gunia linashonwa lifike, halafu lifunguliwe. Sasa vuta huku tulikoanzia."

Akavuta. Mshono ukakaza. Akavuta kwa mikono miwili. Papa wa vyuma akaingia, akalidharau gunia kwa macho, akaweka mguu kwenye meza na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshono haukuachia.

Mama akamnyang'anya gunia. Akaligeuza mwenyewe, akatafuta kwa kidole gumba, akapata mkia upande wa pili.

"Mulango iko huku," alisema, akavuta, na mdomo wa gunia ukafunguka.

Akauviringisha uzi ule kidoleni. Kisha akamwambia papa wa vyuma ashike mashine upande wa nyuma.

"Ya kupeleka inje?"

"Ya kuingiza ndani. Pole pole na shingo yake, papa. Iko na kazi."

Tukaibeba watu watatu, papa wa vyuma akinung'unika kwamba hakuja kwa ajili hiyo, mpaka katikati ya mstari wa kwanza wa vyerehani.