Jibu Nililoliacha Dirishani

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita. Nilikuwa na miaka ishirini, na niseme ukweli, ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko akili.

Baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza, alikuwa amepasuliwa pafu. Daktari alitoa uvimbe wa kansa akapeleka kipande kikapimwe, maana aina ya nyama ya uvimbe husaidia kujua kama ugonjwa utakawia au utarudi mbio. Dada mkubwa wa baba, aliyemlea, alikuwa mji wa mbali wa Rumonge, na walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa zamani. Magari ya huko yalikuwa yakiviziwa njiani na wapiganaji, hayaendi ila kwa msafara wa askari.

"Kama ni ile ya polepole, mi nangoja barabara itulie," baba aliniambia. "Kama ni ile ya mbio, naenda na musafara wa Ijumaa. Sitaki kufa bila kumuomba dada musamaha."

Asubuhi hiyo akanituma hospitalini kuchukua jibu la kipimo. Muuguzi aliyekuwa kwenye dirisha la majibu alifungua karatasi akaniuliza, "Umeisha kuambiwa ubwoko?" Ubwoko kwa Kirundi ni aina, na pia ni kabila. Lakini kwenye vizuizi vya vita ndilo swali watu walilokuwa wakiulizwa kabla ya kuuawa. Binamu yangu aliteremshwa garini kwa swali hilo hilo, hatukumwona tena.

Damu ilinichemka. "Hata hapa munauliza watu ubwoko? Mi sisemi!" Nikaondoka bila jibu. Nyumbani nikamwambia baba jibu bado halijatoka. Nilimdanganya, ndiyo, na nikajiona nimelinda heshima yetu.

Ijumaa ikapita, msafara ukaondoka bila baba. Baada ya wiki tatu daktari akaniita. Alikuwa mzee mpole, ila siku hiyo hakunibembeleza.

"Mutoto, ilikuwa ubwoko ya kansa, si ya baba yako. Naweza kupasua watu wawili sawasawa, mumoja akazeeka, mwengine akaenda haraka, juu ya aina ya uvimbe. Ya baba yako ni ile ya mbio. Kwa nini hukuuliza?"

Nilipompelekea baba jibu, alikuwa hawezi tena kupanda gari. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Shangazi alifika siku ya tatu ya matanga. Nikamweleza yote, na uongo wangu pia. Alilia, akasema alikuwa amemsamehe zamani sana. Baba hakulisikia neno hilo, na aliyemnyima ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa mtu wako ana kansa, usitosheke na jina hilo. Uliza ni ya aina gani, imefika wapi, na daktari anatarajia nini. Neno likikuchoma, uliza maana yake kabla hujageuka kuondoka. Na jibu la mgonjwa ni mali yake, mpelekee hata likiwa baya, kwa sababu huenda ana safari ambayo wewe hujui uzito wake.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Awajalie wapendwa wako wasiondoke duniani na neno walilotaka kulisema. Amina.