Maji Yanayopanda Kituluni

Nimemwaga maji ya chupa kwenye lami ya Kituluni ili wageni wangu wayaone yakipanda mlima. Harufu ya lami moto iliyolowa imenirudisha kwa mama.

Tulikuwa tukitoka mtoni, mimi bado mtoto, yeye na mtungi mgongoni, mukwa, ule ukanda wa ngozi, umemkaza kwenye paji la uso. Watalii walimsimamisha papa hapa wakamwomba amwage maji kidogo. Akamwaga. Yalipoanza kupanda, walipiga makofi wakaomba tena, na tena, hadi mtungi ukawa mwepesi.

Mama aliyatazama yakienda.

“Kumbe yanajua kupanda yenyewe,” akaniambia kwa Kikamba. “Na miaka hii yote nayabeba.”

Tukageuka, tukashuka tena mtoni.

Wageni wangu wanataka nimwage tena. Nimefunga chupa.