Kofia Iliyotiwa Ndimu

Kofia ile niliishona miezi minne. Nilipoiona tena ilikuwa juu ya meza ya hoteli huko Shela, imepinduliwa, imejaa ndimu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Langoni kwenda kuomba kazi ya kutandika vitanda. Dada yangu ndiye aliyenihimiza. Kwake yeye, kushinda ndani ukizungushia uzi vitundu vidogo kama chembe za mtama si kazi, ni kujipofusha. Nami nilianza kumwamini, kwa kuwa kofia zangu zote zilichukuliwa na mchuuzi mmoja, na sikujua zinakwenda wapi.

Sasa nilijua. Nilizitambua nyota za uzi nilizozibuni mwenyewe.

"Bi, mbona umesimama? Karibu ukae," alisema mwenye hoteli, mwanamke aliyehamia kutoka Nairobi.

"Kofia hiyo nimeishona mimi."

"Kweli? Wageni wote huisifu!"

"Watu huswali nayo," nikasema.

Aliitazama, akanitazama, akajishika mdomo. "Ai! Mimi niliona ni pambo tu." Alizimwaga ndimu, zikabingirika hadi sakafuni, akanipa kofia kwa mikono miwili.

Kazi sikuiomba tena. Nilirudi nayo kofia, na nyumbani nikalia kama niliyefiwa. Niliifua kofia mara tatu, doa la ndimu halikutoka.

Kesho yake nikamwambia mchuuzi basi, sishoni tena kofia nisiyokijua kichwa chake. Dada akasema nimeingiwa na wazimu. Wiki nyingi zilipita bila mteja. Kisha akaja mama mmoja kutoka Pate, mumewe mkulima, akanitolea uzi wa kipimo uliopigwa fundo.

"Hiki ndicho kitwa cha mume wangu," akasema. "Kikubwa, utataabika."

Nilitaabika kweli, lakini kila kitundu nilikishona nikimfikiria mtu.

Mwaka uliofuata nikakutana na mama yule na mumewe gatini. Nilipoiona kofia kichwani mwa mume nikapigwa na butwaa: imegeuka manjano kwa jasho, imechanika ukingoni, nyota mbili zimefumuka. Miezi yangu yote ile!

"Haivui," mkewe akalalamika. "Shamba nayo, msikitini nayo. Nimesema hata nimechoka."

Mzee akaishika kichwani, kana kwamba nimekuja kuichukua. Nikacheka, machozi yakinitoka, nikamwambia nitamshonea nyingine, na ukingoni nitapitisha uzi mara mbili.