Godoro Lililotibiwa Malaria

Nakiri mwenyewe kabla mamangu hajanitangulia: vidonge vyangu vya klorokwini nililisha godoro. Nilipasua mshono kidogo, na kila mama akigeuka nikatema, nikasukumia kidonge ndani ya usufi. Msinihukumu. Dawa ile ni chungu hadi masikioni, na ukishaimeza mwili mzima wawasha, unajisugua ukutani kama mbuzi.

Homa ikapoa yenyewe, nikajiona mganga. Kisha mama akaanika godoro uani, akalipiga fimbo, vidonge vikamwagika kama njugu. Siku hiyo nilikula chakula cha jioni nimesimama.

Homa ya pili ilipokuja, mama alisimama juu yangu kama askari wa forodha.

"Meza! Panua kinywa! Inua ulimi! Sasa taja majina ya shangazi zako wote, nisikie kama kuna kitu mdomoni."

Nikawataja wote saba. Nilimeza kila kidonge kwa siku tatu, wallahi, nikajikuna mpaka paka akanihurumia. Baada ya wiki mbili homa ikarudi.

"Umetema," akasema mama.

"Mama, nimemeza!"

"Hata mara ya kwanza ulimeza."

Hapo ndipo palipouma kuliko homa. Nimedanganya mara nyingi nikaaminiwa; leo nasema kweli, hata paka hanitetei.

Hospitalini Malindi nilimwamkia daktari, naye mama akaanza mashtaka. "Daktari, mtoto huyu anatema dawa. Godoro langu halijaumwa malaria mwaka mzima, yeye ndiye mgonjwa."

Daktari akanitoa damu kidoleni, akaiangalia kwenye hadubini, kisha akauliza maswali. Mama, nimpe haki yake, akaeleza habari ya ulimi na shangazi saba.

"Basi amemeza, mama," akasema daktari. "Anayetema ni kidudu."

Nikakaa wima ghafla, na homa yangu.

Akatueleza kwamba siku hizi kuna vijidudu vya malaria ambavyo klorokwini haiviui. Dawa inaingia ndani mwao kama kawaida, lakini wataalamu wanadhani kwenye ngozi zao nyembamba za ndani mna kitu kama pampu, kinachoisukuma nje.

"Umemwona mvuvi wa Ngomeni mtumbwi wake ukivuja?" akaniuliza. "Maji yanaingia, naye anayakumba, anayamwaga nje. Akikumba upesi kuliko yanavyoingia, hazami. Na dawa ndivyo: haijai ndani ya kidudu kiasi cha kukiua."

Akanipa vidonge vitatu vya aina nyingine, nimeze mara moja, palepale. Nikameza bila kulazimishwa, nikapanua kinywa, nikainua ulimi, nikaanza na shangazi mkubwa.

"Mama umesikia? Wanaotema ni wao! Mimi nimesingiziwa!"

Mama aliitazama ile hadubini, akanitazama mimi, akafunga mtandio wake vizuri.

"Usivilaumu, daktari," akasema. "Vimelelewa ndani ya huyu."