Mwezi wa Jana

Mwaka huu habari ya mwezi wa sikukuu ilinikuta jikoni, kwa simu. Binti wa dada yangu aliandika kutoka Kampala kwamba umeonekana, akaongeza picha ya maua, na kabla sijafuta mikono vizuri watu wa miji mingine walikuwa wananipa habari hiyo hiyo. Nilikaa kwenye kiti, ile huzuni yangu ya kila mwaka ikaingia bila kubisha hodi. Wacha nikueleze inatoka wapi.

Butembo, kama umewahi kufika, ni mji wa vilima na ukungu, na baridi yake ya jioni inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Sisi Waislamu wa pale hatukuwa wengi, na mbingu haikutuonea huruma. Mwezi mchanga huonekana magharibi kwa muda mfupi tu jua likishazama, kisha unashuka nyuma ya vilima, na muda huo huo ndio ukungu wetu ulipenda kupanda. Beni iko chini, kuna joto, mbingu yake ni safi. Kwa hiyo mwezi tuliletewa na madereva wa Beni, pamoja na chumvi na makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Akiingia Bulengera, kwetu, alipiga honi kutoka kona ya juu mpaka mlangoni, na jirani yetu Mkatoliki alitoka na mwiko mkononi kumchokoza: "Papa, siye tuko na calendrier ku ukuta. Nyinyi munangojeaka camion?" Wao kalenda, sisi lori. Kesho yake jirani huyo ndiye aliyetangulia kuja kula wali.

Huzuni hiyo ilianza mwaka mmoja wa vita, nilipokuwa na umri wa kufunga nusu siku. Kilima ambacho wanaume walizoea kupanda kutafuta mwezi kilikuwa kimekaliwa na askari, na milango ilifungwa mapema. Hata hivyo mwezi wa kuanza mfungo tuliuona wenyewe, mwembamba kama ukucha uliokatwa, katikati ya miti ya mkaratusi. Kila jioni ulikuwa juu zaidi na ulichelewa zaidi kuzama, na mama alikaanga mikate ya kufuturu uani kwa mwanga wake ili mafuta ya taa yasiishe.

Kisha ukajaa. Jua lilizama huku, wenyewe ukapanda kule, mkubwa na mwekundu. Zamani jioni kama hiyo watoto wa mtaa mzima tulicheza nje mpaka tuitwe kwa fimbo. Mwaka ule tuliuangalia kupitia ufa wa dirisha. Nyanya yetu, mama yake baba, ambaye wote tulimwita koko, alisema mwanga siku hizi ni wa wenye bunduki.

Asubuhi yake baba alipanga safari ya Kasindi, mpakani, alete sukari, mchele na vitambaa vya sikukuu. Mama hakutaka.

"Barabara iko mubaya, baba batoto. Tutakula maharagi, hakuna shida."

"Nitarudia mbele ya sikukuu. Hata gari ikikufa, nitakuya na miguu, nibaletee habari ya mwezi."

Baba hakuwa na kawaida ya kutudanganya, hata kwa mambo madogo, na hilo ndilo lililotutesa baadaye.

Mwezi ukaanza kupungua. Ulichelewa kupanda, tukalala bila kuuona. Tulipoamshwa kula daku tuliukuta juu ya paa, na tukienda shule ulikuwa bado upo, umepauka, nusu tu, upande wa soko. Siku hizo ndipo habari zilipoanza kufika. Watu walikuja kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa, wakasema kuna mapigano barabarani, magari yamechomwa. Mama alimuuliza kila mmoja. Wawili walikuwa wameliona gari la baba, limesimama, milango wazi. Baba hakuna aliyemwona. Mama hakulia. Mwezi ukawa kamba nyembamba ya mashariki kabla ya mapambazuko, halafu ukatoweka kabisa. "Iko inapumuzika," koko alituambia, kama alivyotuambia kila mwezi.

Jioni ya kutazamia mwezi wa sikukuu, ukungu ulifunika mji wote. Mama aliacha mlango wazi kidogo, akakaa nyuma yake akisikiliza. Hakuna aliyekuja. Tukafunga siku moja zaidi, na utashangaa nikisema kwamba siku hiyo mama alikuwa karibu na furaha. Alifagia, akaimba kidogo. "Donc hata Beni habakuiona," alisema. "Bangeiona, baba yenu angekuya."

Jioni ya pili mbingu ilitakata. Mwezi ulikuwa pale, lakini ulikuwa mnene, na juu mno kwa mwezi mchanga. Koko, ambaye macho yake hayakuona vizuri, aliuangalia muda mrefu.

"Hii ni ya jana," alisema.

 Hata mimi, mtoto, nilielewa. Beni walikuwa wameuona, na sisi hatukuletewa habari.

Siku ya sikukuu mama alipika, akatupakulia, akarudi kukaa mlangoni. Labda yuko njiani, alisema, kwa miguu inachukua muda. Mchana ukapita. Koko alimpelekea sahani.

"Kula, mama. Kufunga leo ni zambi."

"Siko nafunga. Niko namungojea."

"Miye njo nilimuzala," koko alisema polepole. "Na miye nimekula."

Mama alimtazama, kisha akanawa mikono. Alikula wali baridi, kidogo kidogo, machozi yakimshuka, na koko akakaa karibu naye mpaka sahani ikaisha.

Siku hizi hakuna dereva anayeleta mwezi, na watoto wa Bulengera hawachezi tena kwenye mwanga wake. Koko alishazikwa, na kaburi lake tunalijua. La baba hatulijui, wala siku aliyokufa. Dua yake tunaisoma siku ya sikukuu, kwa sababu ndiyo siku mama alikubali kula. Wageni wanaokuja na nguo mpya wanatukuta tunalia, na tunawaomba wangojee kidogo tumalize dua.