Robi Juu ya Jiwe

Enzi zetu, kwenda porini hakukuwa jambo la kulipia wala la kupigia picha. Tulikuwa darasa la sita katika kijiji cha Nyambureti, mwalimu wetu wa sayansi alipotangaza kwamba tutakwenda kwa miguu hadi vilima vya mawe upande wa Natta, tupige kambi siku mbili karibu na mto. Wiki nzima sikutulia. Mama akiniita nikasonge ugali ananikuta mlangoni, nimeshavaa katambuga zangu za tairi. "Nyangi," alisema, "miguu yako ina siafu. Iko siku itakuponza."

Tuliondoka na viazi vitamu vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa mgando. Mahema yetu yalikuwa maturubai mawili ya kuanikia mtama. Miiba ya migunga ilituchana, mawe yakatuchoma nyayo, nasi tukaimba kwa Kikurya mpaka sauti zikakauka. Watoto wa leo wakitembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni wanaomba maji.

Kambini mwalimu alichora mstari kwa kijiti. "Hakuna kuvuka hapa bila mimi au askari," akasema. Askari wa wanyamapori mmoja alikuwa ametusindikiza na bunduki yake. Mimi nilivumilia asubuhi moja tu. Wenzetu walipokuwa wakikoroga uji, nilimvuta mkono Robi, rafiki yangu wa dawati moja.

"Twende tukaone viboko. Mara moja tu."

"Mwalimu amekataza."

"Basi kaa, mwoga wewe."

Akanifuata. Tuliteremka kati ya mawe hadi tukasikia harufu ya tope. Hatukuona kiboko. Nyati dume alitoka kichakani, peke yake, pua imelowa, akatukazia macho. Robi akaparamia jiwe kubwa. Mimi nilikimbia. Sikupiga kelele, sikumwita, sikugeuka nyuma.

Nilimfikia mwalimu nikaweza kusema neno moja tu: "Robi." Walipofika pale wakamkuta bado amesimama juu ya jiwe, na nyati chini anajikuna pembe. Askari akapiga risasi hewani, mnyama akaenda zake. Robi akateremka, goti likivuja damu.

"Nani alianza?" mwalimu akauliza.

Nilifumbua kinywa. Robi akaniwahi. "Ni mimi, mwalimu. Na nyati alipotokea, nilimwambia Nyangi akimbie akuite."

Tulichota maji ya kambi nzima mpaka safari ikaisha. Hatukulizungumza tena jambo lile, wala siku hiyo, wala tulipokuwa wasichana wakubwa.

Mwaka huu nimewapeleka wanangu kupiga kambi upande ule ule. Hema lina zipu na godoro, mpishi anauliza mayai tunayapenda vipi. Wanangu walitembea saa moja na mwongozaji wakauliza mara nne kama kuna mtandao. Mkubwa alimkimbia mjusi. Nilicheka, ila kukaa sikuweza. Nilizunguka hema, nikaenda mtoni, nikarudi, nikaenda tena. Mwishowe nikapanda kilima hadi simu iliposhika, nikampigia Robi, ambaye siku hizi yuko Nyakunguru na mumewe mchimba dhahabu.

"Robi, siku ile ya nyati sikukimbia kumwita mwalimu. Nilikimbia tu."

Nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Najua," akasema. "Niliuona mgongo wako. Sasa ungebaki, tungekuwa wawili juu ya lile jiwe. Nani angetuitia watu?" Kisha akacheka, akaniuliza kama watoto wamekula.

Niliporudi nikawakuta ndani ya hema, kila mmoja na simu yake. Wana marafiki mamia humo, na siwaonei kijicho. Niliwatazama tu, nikajiuliza ni yupi kati ya mamia hao angesimama mbele ya mwalimu, goti linavuja damu, aseme, "Ni mimi."